Ombi la Chumba cha Pembe Nne

Nilikichora kwanza kwa kisigino,
hatua sita kwa nne, nyuma ya minyaa ya shangazi Holo,
huku Lugeye, ambako mpunga huanikwa barabarani
na matairi ya watu huupura bure.

Mashine nilishainunua. Ililala chini ya turubai
kama ng'ombe wa mahari aliyekosa zizi,
kuku wakitagia kwenye mdomo wake.
Kilichobaki, nikasema, ni kuta nne na bati.
Mtendaji akasema: kuta nne, bati, na kibali.

Basi nikaenda Magu, na viatu vya kanisani.
Dirisha la kwanza likanituma la tatu,
la tatu likauliza kama nimepita la pili,
na la pili limefungwa, mwenyewe yuko semina.

Safari ya pili nilimkuta bwana mipango,
kijana, Bwire, kalamu tatu mfukoni.
Akakunjua ramani ya kata juu ya meza
nami nikakiona kijiji changu kwa jicho la mwewe:
ziwa bluu, milima ya mawe vidoa vya kahawia,
na kwetu sote, toka shuleni hadi mtoni, kijani.
"Kijani ni kilimo," akasema. "Biashara ni nyekundu."
Nikamwuliza: mpunga ukishavuliwa koti, unaacha kuwa kilimo?
Akacheka, lakini rangi haikubadilika.

Nikafundishwa maneno. Mabadiliko ya matumizi.
Muhtasari wa kijiji. Ridhaa ya jirani.
Nikajua kwamba choo huchorwa kabla ya mlango,
kwamba kelele nazo zina umbali wake,
kwamba pumba, ambazo maisha yangu yote
zilikwenda zinakokwenda,
sasa lazima zieleze zinakokwenda.

Jirani ni Lubango. Hatujasalimiana tangu kesi ya mbuzi.
Nilimpelekea karatasi na debe la mchele.
Debe akalirudisha. Karatasi akaisoma hadi nyuma,
ambako hapakuwa na kitu,
akaomba wino, akabonyeza dole gumba
taratibu, kama anayezima utambi.
"Mashine isilie siku ya msiba," alisema.
Tukaliandika na hilo.

Halafu jiwe.
Mchoraji hakuliona, au aliliona akaliacha,
maana lilikuwapo kabla ya kata na tarafa,
jeusi, mgongo wa kiboko, kwenye pembe ya chumba.
Bwire alipokuja na futi yake ya kukunja
alilizunguka mara mbili.
"Lipasuliwe, ama jengo lisogee."
Kusogea ni kuingia kwa Lubango. Kulipasua —
juu yake mama alianika nepi zangu,
nami nikaanika za wanangu.
Nilinyamaza. Naye akanyamaza.
Upepo wa ziwani ukawa unatufunulia makaratasi.
Kisha akapiga magoti vumbini, na suruali yake ya ofisi,
akafuta pembe kwa raba,
akapitisha mstari wa mshazari, na pembe moja ikawa mbili.
Chumba changu kina pembe tano. Kimo kwenye faili.

Kibali kimetoka Ijumaa. Muhuri umekaa upande,
jina wameandika Mkwimba.
Sikurudi. Nkwimba atasubiri; Mkwimba ajenge.

Nimejumlisha nauli, namba za malipo, nakala,
mchoraji, na soda ya mchoraji:
mifuko kumi na minne ya saruji.
Na miezi sita nisipoanza, karatasi inakufa.

Leo alfajiri nimepigilia vigingi vinne.
Cha tano kimegoma. Chini ni jiwe lile lile,
limejinyoosha mbali kuliko lilivyochorwa.
Kamba nimeifunga kwenye jiwe lenyewe.
Lubango amesimama kwake, anatazama, hasemi.
Turubai sijalifunua bado.
Kuna kuku analalia.